AC ya dirisha kwenye dirisha la kusukuma: uzito uende ukutani

SWALI: Habari za kazi, fundi. Shemeji yangu amerudi kutoka Muscat akaniachia AC ya dirisha ya BTU 18,000. Upana wake ni sm 66, kimo sm 43, kina sm 70, na uzito ni kama mfuko wa saruji. Mimi ni mpangaji, nakaa Kijitonyama ghorofa ya kwanza. Dirisha la sebuleni ni la alumini la kusukuma pembeni, futi 5 kwa 4, na kwa nje lina grili. Nikisukuma kioo chote napata uwazi wa sm 69. Kuna fundi anasema ataikalisha juu ya reli ya dirisha, kisha azibe juu kwa plaiwudi. Mwenye nyumba hataki ukuta ubomolewe. Inawezekana?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Inawezekana, na ukuta hautabomolewa. Ila huyo fundi mwambie asubiri kwanza.

Reli ya dirisha la alumini ni bati jembamba lililokunjwa, kazi yake kubeba kioo kinachotembea kwa vigurudumu. Ukiibebesha kilo 50 zinazotetemeka kutwa, italala. Ikilala, kioo hakisukumiki tena na fremu inaanza kuachia plasta. Halafu kumbuka kompresa, ambayo ndiyo nzito kuliko vyote, iko nyuma ya mashine, upande wa nje. Yaani AC yenyewe inavutwa kwenda nje, na wewe uko ghorofani, chini wanapita watoto.

Kwa hiyo uzito wote uende ukutani, dirisha libaki njia ya kupitia tu. Grili lako, ambalo unaliona kikwazo, ndilo litakalotusaidia. Mchomeleaji akate kipande cha grili kinachotosha mashine, kisha atengeneze kizimba cha engo na nondo kitakachotokeza nje. Chini ya kizimba ziwe engo mbili nene zinazoingia mpaka juu ya kizingiti cha zege, na miguu miwili ya mshazari irudi kukamata ukuta. Hapo utahitaji matundu manne ya bolti, hivyo mwonyeshe mwenye nyumba mchoro kabla drili haijawashwa. Tofali zetu za mchanga na saruji nyingi ni laini, bolti ya kutanuka hung'oka na vumbi lake. Pitisha bolti mpaka ndani, uweke kibati kipana kabla ya nati. Kizimba kikikamilika kinabeba mashine na kinazuia mwizi kwa wakati mmoja.

Sasa tazama ubavuni mwa AC yako. Utaona matundu membamba yaliyopangwa kama mapezi, kushoto na kulia. Feni huvuta hewa kupitia hapo ili kupoza koili ya nyuma. Matundu hayo yote lazima yawe nje ya ukuta. Tofali la inchi 6 likipigwa plasta pande mbili linakaribia sm 18, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaisukuma mashine ndani ili isitokeze sana nje. Niliwahi kuitiwa AC iliyokuwa ikizima kila baada ya robo saa, mafundi wawili wameshaongeza gesi bila sababu. Niliivuta nje kama upana wa kiganja na nusu, matundu yakapata hewa, tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Gesi ya ziada ilibidi itolewe.

Mashine ilale kidogo kuelekea nje, sentimita moja hivi, isipokuwa kijitabu chake kikisema ikae sawa. Tumia pimamaji, usikadirie kwa macho. Maji yake yatolewe kwa mpira hadi chini, yasimdondokee jirani.

Kuhusu kuziba: juu ya mashine utabakiwa na nafasi ya sm 65 hadi 70. Plaiwudi ya kawaida itavimba masika ya kwanza. Mpelekee fundi alumini vipimo akutengenezee kipande chenye kioo, kiingie kwenye reli ileile, ubavuni kizibwe kwa sponji na silikoni. Kuna upenyo mmoja ambao karibu kila mtu anausahau: dirisha likiwa wazi nusu, vioo viwili vinapandana, na katikati yao inabaki nafasi ya kidole kutoka juu mpaka chini. Mbu wanaingia hapo, baridi inatoka hapo. Shindilia ukanda wa sponji urefu wote. Na kwa kuwa kufuli la dirisha halitafika tena mahali pake, kata kipande cha alumini ukilaze kwenye reli kizuie kioo kusukumwa.

Umeme wa Oman ni kama wetu, kwa hiyo hapo huna wasiwasi; ingekuwa ya Marekani ya volti 115 ningekwambia uiache. Lakini mashine hii inakula karibu wati 2,000, ampia 8 hadi 9, na wakati wa kuwaka inavuta zaidi. Usiitumie kwenye ekstensheni. Fundi umeme avute laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampia 20 na swichi ya AC. Na iache hapo hapo sebuleni. Chumba cha kulala cha futi 12 kwa 12 ni kidogo mno kwake: itapoza haraka na kujizima kabla haijakausha hewa, na kwa unyevu wa Dar mtalala kwenye baridi yenye majimaji.

Kile kipande cha grili kilichokatwa usikitupe. Mchomeleaji akiwekee masikio ya bolti sasa hivi, vichwa vya bolti vikae ndani, akipake rangi ya kuzuia kutu. Siku ya kuhama utafungua kizimba, utarudisha kipande, utaziba matundu manne kwa saruji, na kioo kitasukumika kama ulivyokikuta.