Anza na Mashamba, Makauboi Baadaye

Anayehamia Calgary, mji wa jimbo la Alberta huko Kanada, hukutana na makauboi kabla hajakutana na historia. Julai ikifika, wakati wa Stampede, tamasha kubwa la makauboi, hata karani wa benki huvaa kofia pana na buti. Sina ugomvi na sherehe. Ila mgeni akiniuliza asome nini aielewe Alberta na nyanda za magharibi mwa Kanada, simwanzishii huko.

Namwambia atafute kitabu Lost Harvests cha Sarah Carter, kilichotoka 1990. Kinahusu kilimo kwenye maeneo waliyotengewa wenyeji wa asili baada ya baisani, wale nyati wa huku, kumalizwa na mikataba kati yao na serikali kutiwa saini. (Mkataba unaohusu ardhi ya Calgary yenyewe, Treaty 7, ni wa 1877.) Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba watu hawa walishindwa kulima. Carter anaonyesha kwamba walilima, wengine wakachangishana kununua mashine, mpaka walowezi jirani wakaanza kulalamikia ushindani. Mwaka 1889 Hayter Reed, kamishna wa serikali wa mambo ya wenyeji, akaja na sera yake: kila familia ibaki na kishamba kidogo na zana za mkono. Ngano ikatwe kwa mkono na miganda ifungwe kwa mkono, huku mlowezi wa upande wa pili anavuna kwa mashine. Ukitaka kuuza mzigo wa nyasi kavu, ukamwombe afisa kibali. Kutoka nje ya eneo lako, uwe na pasi ya ruhusa. Msomaji aliyesimuliwa na babu yake habari za kipande kule Kenya hatahitaji maelezo zaidi.

Ni kitabu cha kitaaluma, na kuna sehemu zinakwenda kwa kujikokota. Zipite upesi, hakuna mtihani.

Ukishakimaliza, chukua Clearing the Plains cha James Daschuk, cha 2013. Hiki kinaeleza jinsi maradhi na njaa vilivyowaandama wenyeji, na jinsi serikali ilivyotumia chakula cha msaada kuwabana waingie kwenye maeneo yaliyotengwa. Mimi sikiwezi usiku.

Sisi weusi huwa tunadhani tumefika huku juzi tu. Basi soma Pourin' Down Rain cha Cheryl Foggo, mzaliwa wa Calgary ambaye wazee wake walitoka Oklahoma, Marekani. Ni chembamba na kinasomeka kama masimulizi ya shangazi. Weusi wa Oklahoma ndio walioanzisha kijiji cha Amber Valley, kaskazini mwa Edmonton. Mwaka 1911 baraza la mawaziri la waziri mkuu Wilfrid Laurier lilipitisha amri ya kuwazuia weusi kuingia Kanada kwa mwaka mzima, eti hali ya hewa haiwafai. Amri haikutekelezwa, lakini iliandikwa.

Kadi ya maktaba ya Calgary ni bure kwa mkazi. Kitabu kikiwa kimeazimwa, weka oda mapema, hasa cha Daschuk. Ukipata usafiri, nenda Blackfoot Crossing, kwenye ardhi ya Siksika, mojawapo ya jamii za wenyeji, mashariki mwa mji, mahali Treaty 7 ilipotiwa saini. Nenda ukiwa umeshasoma, maana utajua cha kuwauliza wenyeji wanaotembeza wageni.

The Canadian Prairies cha Gerald Friesen, cha 1984, ndicho wengi hutajiwa kwanza. Ni kizuri, lakini ni kinene na kinagusa kila kitu. Mimi nakitumia kutafutia tarehe.