Paka mzee anayekataa chakula

Dada wa Nyegezi, umeeleza kwamba paka wako wa miaka 13 ananusa sato na kuondoka, hii ni siku ya pili, ukauliza kama usubiri njaa imrudishe kwenye sahani. Usisubiri, kwa sababu paka asiyekula kwa siku 2 au 3, hasa aliyekuwa mnene, huweza kujaa mafuta kwenye ini, na hali hiyo huua. Mpeleke leo kwa daktari wa mifugo, na umweleze kama anakunywa maji na kukojoa kuliko zamani, maana figo huwasumbua sana paka wa umri huo. Kabla ya kutoka, inua taratibu mdomo wake wa juu: ufizi mwekundu, harufu kali au mate yanayodondoka huashiria kwamba huenda anatamani kula ila kinywa kinamuuma. Mpe samaki aliyechemshwa, wa vuguvugu, asiye na miiba, chumvi wala kitunguu (mchuzi wetu wa nyumbani haumfai), lakini usimlishe kwa nguvu. Panadol usimpe hata kipande, kwani kwa paka ni sumu. Maafisa mifugo wengi wamezoea ng'ombe na kuku, hivyo ukipiga simu taja mapema kwamba mgonjwa ni paka.