Maswali na Majibu: Kerneli mpya kwa ajili ya chipu moja

SWALI: Natumia Ubuntu. Adapta yangu ya USB yenye chipu ya CH340 inaonekana kwa lsusb kama 1a86:7523, lakini /dev/ttyUSB0 (faili la kuifikia) haitokei, na modprobe ch341, amri ya kupakia draiva ya chipu hiyo, inasema moduli (faili la draiva) haipo. Nilichukua msimbo kutoka kernel.org nijenge kerneli (kiini cha mfumo) mwenyewe, kazi ikakatika: "No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'". Nifanyeje?

JIBU: Umekimbilia nyundo kabla ya kujaribu bisibisi. Andika kwanza:

grep CH341 /boot/config-$(uname -r)

Ukiona CONFIG_USB_SERIAL_CH341=m, draiva ilishajengwa, ila faili lake halimo kwenye mashine yako. Ubuntu hutenga draiva nyingi katika kifurushi cha linux-modules-extra. Sakinisha chenye namba ileile inayotolewa na uname -r, kisha rudia modprobe. Ukiona "is not set", hapo ndipo ujenge.

Sakinisha build-essential, bc, bison, flex, libncurses-dev, libssl-dev na libelf-dev. Nakili mipangilio ya kerneli inayofanya kazi sasa iwe .config ndani ya saraka ya msimbo, halafu make olddefconfig. Lile kosa la cheti linatoka humo: mipangilio ya Ubuntu inataja vyeti vilivyomo kwenye msimbo wa Ubuntu tu. Viondoe:

scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""

Fungua make menuconfig, bonyeza /, tafuta USB_SERIAL_CH341, uiweke M (ijengwe kama moduli). Kwenye LOCALVERSION andika kitu kama -ch341, ili moduli zako zikae kwenye saraka yake zisifute za zamani. Zima pia taarifa za utatuzi (DEBUG_INFO), la sivyo ujenzi utakula makumi ya GB. Kisha:

make -j$(nproc)
sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install
sudo make install

Usiruke INSTALL_MOD_STRIP. Bila hiyo, kama taarifa za utatuzi bado zimewashwa, moduli hubaki na uzito wake wote, initrd (faili la draiva za mwanzo zinazohitajika kompyuta inapowaka) inavimba, na /boot ndogo inajaa katikati ya usakinishaji. Secure Boot (ulinzi unaokagua saini kompyuta inapowaka) ikiwa imewashwa, kerneli isiyo na saini itakataliwa kwa ujumbe wa "bad shim signature": itie saini kwa ufunguo uliosajiliwa kwa mokutil, au zima Secure Boot.

Jambo moja linalowazungusha wengi kwenye Ubuntu 22.04: dmesg (amri ya kusoma ujumbe wa kerneli) inaonyesha ttyUSB0 imeunganishwa, na papo hapo imekatwa, karibu na neno brltty. Hapo draiva ni nzima. Brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu, imeinyakua chipu kwa sababu ya namba ileile 1a86:7523. Kama hakuna anayeitumia, iondoe, kerneli usiiguse.

SWALI: Nilipunguza kerneli kwa make localmodconfig. Imejengeka vizuri, lakini inapowaka inakwama: "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)".

JIBU: Hizo sifuri mbili maana yake kerneli haijaipata diski yenye mfumo. Rudi kwenye kerneli ya zamani kupitia "Advanced options" za GRUB (menyu ya kuwashia mfumo), uangalie kama /boot ina initrd.img yenye jina la kerneli mpya. Kama haimo, tumia update-initramfs -c -k na jina hilo, kisha update-grub. Kama huitaki initrd kabisa, draiva ya diski (BLK_DEV_NVME au SATA_AHCI) na EXT4_FS ziwe y (ndani ya kerneli yenyewe), si M. Vinginevyo ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Na localmodconfig hubakiza moduli zilizopakiwa wakati huo tu, kwa hiyo chomeka kila kifaa chako kabla ya kuiita.

SWALI: Nimejenga draiva ya Wi-Fi, dmesg inasema "Direct firmware load for ... failed with error -2". Nijenge upya?

JIBU: Hapana. -2 ni faili halipo, yaani faili la firmware, programu ndogo inayoendesha kifaa chenyewe. Jina lake limeandikwa kwenye mstari huohuo. Liweke ndani ya /lib/firmware, kwa kawaida kupitia kifurushi cha linux-firmware, kisha ondoa moduli na uipakie tena.