Swala mmoja, wasindikizaji wawili

SWALI: Kwenye kijitabu chetu cha fasihi ya Misri ya kale, mkulima Khunanup anamwambia msimamizi mkuu Rensi: "Ulimi wako ni kama mithili ya timazi." Mwalimu wa darasa anasema hiyo ni sitiari. Mimi nasema ni tashbihi. Nani kapata?

JIBU: Umepata wewe, mwanangu, kwa ulichopakuliwa. Ila mwalimu wako naye amenusa kilichokuwamo sufuriani.

Kwanza niache nitapike nyongo. "Kama mithili ya"! Mithili ni mfano. Ukishaitaja, kama haina kazi. Watangazaji wa mpira ndio wametuharibia: "Winga anachanja mbuga kama mithili ya swala!" Swala gani huyo asiyeweza kutembea bila wasindikizaji wawili? Juzi nimesikia "kama vile mithili ya swala", nikazima redio. Hadi msafara wote huo upite, winga keshapokonywa mpira.

Asili ya maneno ni Kiarabu: sitiari ni kuazima, tashbihi ni kufananisha. Yatosha.

Sasa Khunanup. Kaporwa punda na Nemtynakht, akaenda kumlilia Rensi mara tisa. Safari moja akamwambia: ulimi wako ni timazi, moyo wako ni jiwe la mizani, midomo yako miwili ni mikono yake. "Kama" haimo. Wala si kwamba Wamisri hawakuwa nayo. Walikuwa na "mi", na mhenga wao Amenemope, katika nasaha zake, aliitumia alipomfananisha mtu wa hamaki na mti ambao machipukizi yake hayadumu. Hiyo ndiyo tashbihi, tena tamu.

Khunanup hakuihitaji. Mwamuzi ukimwambia anafanana na mizani, atakujibu kwamba kufanana si kuwa, aende zake akale. Mwambie yeye mwenyewe ndiye mizani: akipinda, soko zima limepunjwa, na jiwe limo kifuani mwake. Mtafsiri wenu kaja na maneno yake mawili, akampa Rensi mlango wa nyuma.

"Mithili" ikija peke yake naivumilia, hasa kwa washairi, maana mizani yao nayo ina madai yake. "Kama" peke yake haina ubaya. Kwenye hicho kijitabu chukua penseli, ufute kuanzia "kama" hadi "ya", ubakize "ni". Kisha kampe mwalimu wako alama yake.