Kwa dada aliyeuliza: nitaendeleaje kusali ilhali mtoto hajaja?

Dada yangu, umeandika kwamba unamwomba Mungu mtoto tangu mlipofunga ndoa, na kwamba siku hizi hata Misa inakuumiza kwa sababu ya watoto wa wenzako wanaoletwa kubatizwa. Ninakujibu nikiwa ndani ya jambo hilohilo. Mimi na mume wangu tunaishi Walukuba, hapa Jinja, ninauza mukene, yaani dagaa, kutoka Masese, na hadi leo tungali tunamwomba Mungu mtoto wa kwanza.

Uchungu wako hauvunji uaminifu wako, mradi uupeleke kwake. Hana, mke wa Elkana, alipanda kwenda Shilo mwaka baada ya mwaka huku Penina mwenye watoto akimchokoza, akawa analia na kukataa chakula, lakini kupanda hakuacha. Alipokuwa akiimimina nafsi yake mbele za Bwana, kuhani Eli alimdhania amelewa; naye alimjibu kwa heshima. Sasa soma taratibu 1 Samweli 1:18: Hana akaenda zake, akala, na huzuni ikamtoka usoni, na wakati huo mimba ilikuwa haijatungwa. Kesho yake wakaamka mapema, wakaabudu, ndipo wakarudi kwao Rama. Mstari huo umenitia nguvu kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, maana amani ya Hana ilitangulia jibu.

Vishawishi vikubwa, kwa nionavyo mimi, huletwa na watu wanaotupenda. Mama mkwe wangu, ambaye simlaumu hata kidogo, aliniletea kutoka kijijini chupa ya dawa ya mganga iliyofungwa kitambaa chekundu, akaniagiza niinywe kabla jua halijachomoza na nisimwambie padre. Nilipiga magoti kama desturi yetu inavyotaka, nikamrudishia kwa mikono miwili, nikasema, “Mama, nisamehe, hili siliwezi.” Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba chai, na tangu hapo hakulirudia. Vivyo hivyo ninawakatalia wahubiri wanaodai upande mbegu ya fedha ili tumbo lifunguke. Hao wananikumbusha mfalme Sauli aliyeshindwa kungoja: aliambiwa amngoje nabii Samweli siku 7 kule Gilgali. Alipoona watu wanatawanyika akatoa sadaka ya kuteketezwa mwenyewe, na mara tu alipomaliza, Samweli akafika.

Kwenda hospitali ni jambo jingine kabisa, wala si upungufu wa imani. Madaktari hushauri kwamba mwaka mmoja ukipita bila mimba, mke na mume wapimwe wote wawili, kwa kuwa kasoro inaweza kuwa upande wowote, na mirija iliyoziba kutokana na maambukizi ya zamani ni sababu ya kawaida katika nchi zetu. Mwombe mume wako mwende pamoja.

Ama siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, shika kazi moja ya Mungu isiyotegemea jibu lako. Mimi hufua na kupiga pasi vitambaa vya altare kila Jumamosi. Sivifui ili Mungu anilipe. Ninavifua kwa sababu Jumapili itakuja, niwe na mtoto au nisiwe naye, na altare itahitaji kitambaa safi. Kukiwa na ubatizo hukaa benchi la nyuma, na sauti ikigoma hufuatisha Litania ya Watakatifu moyoni tu.

Utakapokwenda Namugongo kuhiji, kumbuka pia kwamba Karoli Lwanga na wenzake, wafiadini wa Uganda, hawakuuawa siku waliyohukumiwa. Walihukumiwa Munyonyo mwishoni mwa Mei 1886, wakaswagwa hadi Namugongo, wakakaa kifungoni takriban juma zima huku kuni zikikusanywa, hadi tarehe 3 Juni. Baadhi yao, kama kijana Kizito, walikuwa wamebatizwa na Lwanga usiku wa kuamkia hukumu. Katika siku zile za kungoja walisali pamoja, na hilo ndilo ninalokusihi zaidi: usingoje peke yako. Rudi katika jumuiya yenu hata kama huna la kusema, na ukikosa maneno kabisa, chukua Zaburi ya 13, inayomuuliza Bwana waziwazi atatusahau hata lini. Nitumie jina lako la ubatizo, nami nitalitaja jumuiya yetu itakapokutana kwa rozari.