Usilipie weusi wa mtoto wa poni kabla hujamwona baba yake

Mkuu, usitume hiyo pesa. Nisome kwanza mpaka mwisho, halafu ukitaka uitume.

Umeandika hapa jukwaani kwamba mtoto wa poni (farasi wa umbo dogo) unayetaka kumnunua ana wiki chache tu, kazaliwa mweusi tii, mama ni kahawia mwenye singa nyeusi, baba hujamwona ila umetumiwa picha yake, na muuzaji anadai nyongeza kwa ajili ya rangi. Unataka baadaye umfunge na poni wako mweusi wavute gari pamoja. Ukauliza kama atabaki hivyo, kama kumkinga na jua kunasaidia, ale nini akiachishwa ziwa na aanze kufunzwa lini. Chakula na mafunzo nayaacha kwa leo, acha nianze na baba, maana niliposoma hilo neno "picha" damu ilinichemka.

Na mimi nilipomnunua wa kwangu, mtoto mweusi kama huyo, nilitumiwa picha ya baba. Poni mweusi kasimama ubavu, manyoya yanang'aa, hana unywele mweupe unaoonekana. Dalali akaniambia, "Huyu ndiye baba." Na kweli ndiye alikuwa baba! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba ukimbana kwa maneno yake humshiki. Alichoficha ni kwamba picha ilikuwa ya zamani, baba akiwa bado kijana. Wakati mimi nahesabu pesa, baba mwenyewe yuko malishoni, mweupe kuanzia masikioni hadi mkiani. Dalali alikuwa akimwona kila siku. Aliijua rangi yake, akachagua kunionyesha picha ile.

Sasa sikiliza jinsi inavyokwenda. Wengi wa farasi unaowaona weupe hawakuzaliwa weupe. Ni wa kijivu, yaani wamezaliwa weusi, wekundu au kahawia, kisha manyoya yakapoteza rangi mwaka baada ya mwaka. Mloweshe maji mmoja wao uone, ngozi chini ni nyeusi. Wale farasi maarufu wa Lipizzaner wa Vienna, wanaojulikana dunia nzima kwa weupe wao, huzaliwa wa rangi ya giza, na wengi hukamilisha weupe kati ya miaka 6 na 10. Kwa hiyo mtoto mweusi kwa baba wa kijivu si jambo la ajabu hata kidogo.

Anayeleta haya yote ni jeni moja. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden na wenzao waliitambua: kipande cha DNA ndani ya jeni iitwayo STX17 kimejirudia. Inatosha kurithiwa kwa mzazi mmoja tu. Mzazi akiwa na nakala moja ya jeni hiyo yenye kipande kilichojirudia, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kugeuka. Akiwa nazo mbili, watoto wake wote watageuka, mama awe wa rangi yoyote. Na jeni yenyewe haiwezi kulala kimya ndani ya mzazi ikaibukia kwa mtoto. Mzazi aliyenayo naye hubadilika. Ndiyo maana nakwambia baba, baba, baba! Mama umemwona, ni mtu mzima na bado ni kahawia. Swali lote limebaki upande mmoja.

Kuna jambo jingine kwenye maelezo yako lililonishtua. Unasema kwa furaha kwamba kazaliwa mweusi tii. Mtoto atakayebaki mweusi maisha yake yote mara nyingi huzaliwa amefifia, wa rangi ya majivu au ya panya, miguu imepauka, na weusi wenyewe huja akishamwaga manyoya ya utotoni. Wapo wanaozaliwa weusi na kubaki weusi, siwezi kukataa. Lakini watoto wenye jeni ya kijivu wana tabia ya kuzaliwa na rangi iliyokolea kuliko wenzao. Muuzaji anakutajia dalili ya hatari kama sifa, na juu yake anakutoza.

Picha ya mtoto uliyoweka hapa imepigwa mbali. Nenda mwenyewe mchana, umshike taratibu, mtazame machoni kwa karibu sana. Angalia kope, kisha pindo la jicho juu na chini. Wa kwangu alikuwa na unywele mweupe mmoja mmoja kuzunguka jicho, kama amevaa miwani ya waya mwembamba. Nilimwuliza dalali. Akajibu kwamba ni alama ya ukoo bora. Nikauliza tena mtoto alipoanza kumwaga manyoya na paji la uso likaja na vinywele vyeupe, akageuza maneno, akasema huyo ni wa mchanganyiko, yule ambaye ana nywele nyeupe zilizochanganyika na za rangi mwilini, na kwamba hao hawageuki. Ni kweli wa mchanganyiko hawazidi kuwa weupe kila mwaka. Ila kwao kichwa na miguu ndiyo hubaki na rangi ya giza, weupe hukaa kiwiliwili. Wa kwangu alianza na kichwa! Mtu aliyeishi na farasi miaka yote ile hawezi kukosa kuijua tofauti hiyo.

Baada ya hapo kila akimwaga manyoya anarudi amepungua weusi. Akawa rangi ya chuma, akaja madoa ya mviringo mapajani, mazuri ajabu nikiri, watu walikuwa wakisimama kumtazama. Kisha madoa nayo yakafifia. Leo ni mweupe mwenye vitone vyekundu shingoni, amefungwa gari moja na mweusi.

Wale wanaocheka kwenye maoni hapo juu kwamba rangi haivuti gari, nawasikia. Kweli haivuti. Lakini nilitozwa pesa ya ziada kwa jina la rangi, mbona wakati wa kutoza hakuna aliyesema haivuti?

Na rangi ndiyo hasara ndogo. Kubwa iko chini ya mkia. Farasi wa kijivu hupata uvimbe wa ngozi uitwao melanoma kuliko wa rangi nyingine zote, na inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 70 ya waliovuka miaka 15 wanao. Hutokea chini ya mkia, kuzunguka njia ya haja, midomoni, nyuma ya taya. Mwanzoni ni kijidonge kigumu cheusi, unakigusa wakati wa kumsafisha unadhani ni kupe. Vingine hukaa miaka bila kumsumbua, vingine hukua, hupasuka, huenea ndani. Uchunguzi wa poni wa Connemara uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kile kipande cha DNA kikijirudia mara tatu farasi hugeuka haraka na hatari ya uvimbe ni kubwa; kikiwa mara mbili hugeuka polepole na hatari ni ndogo. Kwa hiyo unapouliza rangi ya baba unauliza pia utamwita daktari wa mifugo mara ngapi uzeeni mwake. Hili dalali hakunigusia kabisa, na ndilo sitamsamehe.

Basi shika hili: usilipe hata senti ya rangi kabla hujawaona wazazi wote wawili kwa macho yako, walivyo leo. Picha usiikubali. Cheti nacho kisome kwa tahadhari, kwa sababu wengine huandikishwa wakiwa wachanga kwa rangi waliyozaliwa nayo, na baba aliyeandikwa "mweusi" anaweza kuwa mweupe sasa. Muuzaji akisema baba yuko mbali au ameuzwa, mwambie mpime mtoto. Wanang'oa nywele chache za mkiani zikiwa na mizizi yake, maabara inaitafuta jeni ya kijivu, majibu ni ana au hana. Akikataa kipimo, lipa bei ya poni wa kawaida au ondoka.

Jua halihusiki. Jua linababua manyoya meusi yakawa na wekundu, lakini akimwaga yanarudi meusi. Kijivu hakizuiwi kwa zizi wala kwa blanketi.

Na huyo mwenzetu hapo juu aliyesema mtoto wake wa kahawia ana miguu iliyopauka, asihofu. Manyoya ya utotoni huanza kutoka akiwa na miezi 3 au 4, na miguu myeusi hutokea hapo. Mstari wa rangi ya giza mgongoni nao usiulipie mtoto akiwa mchanga, wengi hupotea pamoja na manyoya hayo.

Mkuu, mwandikie muuzaji leo, mwombe picha ya baba iliyopigwa wiki hii, kichwa kizima, karibu. Uiweke hapa tuitazame pamoja, na ile ya macho ya mtoto pia.