Re: Dawa ya iodini imepoteza rangi kwenye ndoo, bado inafaa?

Ndugu, hapana, dawa ya iodini ya kuulia vijidudu kwenye vyombo vya kutengenezea bia haifai tena ikipoteza rangi. Ile rangi ya chai nyepesi ndiyo iodini yenyewe. Ikipotea, unasuuzia maji matupu. Na kama imepotea ndani ya dakika chache, tatizo si dawa, ni ndoo yako: mabaki ya kimea na hamira huimaliza iodini kabla haijafika kwa bakteria. Sugua kwanza kwa sabuni isiyo na harufu, hasa kwenye uzi wa koki (fungua koki kabisa, humo ndimo uchachu usiotakiwa hujificha), suuza, ndipo utie dawa.

Kipimo: kwa dawa yenye iodini asilimia 1.75, mililita 15 kwa lita 20 za maji. Hapo unapata kama sehemu 13 kwa milioni. Tumia maji baridi au ya uvuguvugu tu. Ya moto huirusha iodini hewani. Loweka dakika 2 hadi 10, churuza, acha ikauke. Kwa kipimo hicho huna haja ya kusuuza, na ukisuuza kwa maji ya bomba unaweza kurudisha vijidudu.

Kuzidisha dawa hakuongezi usafi. Kunaleta ladha ya hospitali kwenye bia, na mipira ya kupitishia bia inageuka manjano. Mpira uliobadilika rangi bado unatumika, ila ukiwa na mikwaruzo ndani, tupa.

Usichanganye na jiki hata kidogo. Tincha ya iodini ya duka la dawa nayo iache, hiyo ni ya vidonda.